Huku Maji Hayapigwi

Florida, Amerika
Jumapili, mvua imeanza kukatika

Kwa Bibi yangu Mwanaidi binti Pazi,
Janga, Mlandizi.

Bibi, shikamoo. Hapo nimekuamkia kwa heshima, sasa niache nikuite mke wangu kama tulivyozoea, maana huku sina mtu wa kutaniana naye na mdomo wangu unaota kutu. Vipi mgongo? Vipi lile jicho la kushoto? Na yule jogoo wako mwenye kiburi, bado anatamba uani au mlimla siku ya Idi? Tatu ameniandikia kwamba na wewe sasa unakwenda darasa la kisomo cha watu wazima, unakaa benchi moja na baba mdogo, na ukikosea unasingizia miwani ambayo huna. Hongera, mke wangu. Mimi niliyekimbia shule darasa la tano sasa nitapitwa na bibi kizee! Basi herufi nimeziandika kubwa kubwa ili ujaribu mwenyewe kwanza, ukishindwa ndipo umpe Tatu. Na wewe Tatu, mdogo wangu, usiruke mstari hata Bibi akianza kutukana. Soma yote.

Mimi ni mzima. Mikono miwili, miguu miwili, na vidole vyote nimevikagua. Nasema hivyo mapema usije ukaangua kilio katikati ya barua, majirani wakaja na mikeka wakidhani pana matanga. Lakini nina hofu, Bibi. Mimi Kibwana, niliyempiga ngwala mtoto wa balozi wa nyumba kumi mbele ya baba yake, niliyelala peke yangu dungu la shambani nikilinda mpunga dhidi ya nguruwe, leo naandika neno hofu kwa mkono wangu mwenyewe. Kuna jambo la kesho linanitisha. Ila nikilitaja sasa hivi hutalielewa, kwa hiyo acha nianze nyuma kidogo.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba meli iliniacha. Tumbo lilinikamata, wakanishusha hospitali, na meli haimngoji baharia anayegaagaa. Nilipopona nikahangaika mpaka nikapata kazi kwa mzungu mmoja mzee anaitwa Kapteni Bili. Kazi yake, usicheke, ni kutembeza watu kwa boti wakatazame mamba. Ndiyo. Kwetu mtu akimwona mamba anakimbia bila kiatu. Huku mtu anavaa kofia, anabeba kamera na mkate wa nyama, anatoa fedha yake halali, anakwenda kumtafuta. Na nchi yenyewe ungeiona ungedhani hujatoka Ruvu. Joto lile lile, mbu wale wale, matope yananuka vile vile. Siku ya kwanza nilipouona ule mto wao nilitaka kurudi hospitali nikawaambie tumbo limeanza tena.

Unajua kwa nini. Sijawahi kulisahau lile kandambili la mjomba Shomari pale kivukoni. Moja tu, la mguu wa kulia, limekaa vizuri kama mtu aliyevua aingie msikitini. Na wewe ukiwa umesimama pale na gongo lako mkononi, unasema, "Hakupiga maji. Mwanangu leo hakupiga maji." Maneno hayo nilikua nayo. Tangu siku ile sijatia hata kisigino mtoni bila kupiga maji kwanza ili mamba asogee, bapa, kwa nguvu zote, na kusema, "Tunapita, mwenyeji, tunapita." Hata meli yetu ilipotia nanga bandari moja ya Wahindi, wenzangu wakajirusha baharini kuoga, mimi nilipiga maji kwa ufagio kwanza. Walinicheka safari nzima.

Kapteni Bili ana boti mbili. Moja hutembea upande wa maji ya chumvi, kwenye mikoko, na nahodha wake ni mkewe, Bi Dora. Mwanamke, Bibi! Mnene, mfupi, sigara mdomoni, na akigeuza usukani boti inamtii kuliko mumewe anavyomtii. Huko ndiko nilikoanza. Kazi yangu ilikuwa kufunga kamba, kufuta viti, na kuwashika mkono akina mama wasianguke majini.

Siku ya kwanza Bi Dora aliona kitu kimelala kwenye tope, akazima injini. Mimi nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya sanduku la maboya.

"Kibwana," akaniita, "yule ni nani?"

"Mamba, mama."

"Mamba gani?"

"Mamba ni mamba, mama. Kwetu hatumwulizi kabila."

"Hapa tunamwuliza," akasema. "Toka huko nyuma uje umtazame."

Ndipo nikajua kwamba huku wako wa aina mbili, na kila aina ina jina lake. Mmoja wanamwita aligeta, mwingine krokodaili. Wageni wanaotoka mbali hawawezi kuwatofautisha, na swali lao kila siku ni hilo hilo, kwa hiyo mfanyakazi wa boti lazima ajue kama anavyojua jina la baba yake. Bi Dora alinisomesha kwa kidole, na mimi mwalimu wa shule alishindwa kunifundisha kugawanya, lakini hili liliniingia siku moja tu. Woga ni mwalimu mzuri.

Aligeta ni mweusi, mweusi wa sufuria iliyopikiwa kuni. Mdomo wake mpana na butu mbele, kama sepetu. Anapenda maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye mabwawa na majani. Krokodaili ana rangi ya jivu, mdomo umechongoka, na anaweza kukaa hata kwenye chumvi. Ila alama kubwa ni jino. Aligeta akifunga mdomo, meno ya chini yanaingia ndani, huyaoni. Krokodaili akifunga mdomo, kuna jino moja la chini, huku na huku, linabaki nje linakutazama. Nilipoliona lile jino, Bibi, nilirudi nyuma ya sanduku la maboya. Ni yeye. Ni yule yule wa kivukoni, kavuka bahari kunifuata.

Bi Dora akaniambia, "Usimwogope huyo. Hapa kwetu krokodaili ana haya, akisikia watu anaondoka. Mwenye kusumbua ni yule mweusi, kwa sababu watu wamemzoesha."

Nikaitikia ndiyo, mama, lakini moyoni nikasema huyu mwanamke hajui kitu. Mwenye jino nje ndiye aliyemla mjomba wangu, halafu nimwogope huyu mwenye mdomo wa sepetu? Nikaamua mwenyewe: krokodaili ndiye mamba wa kweli, aligeta ni mtumishi wake. Na hapo ndipo kinywa changu kilipoanza kunichimbia shimo.

Unajua nisivyoweza kunyamaza. Wageni wakigundua natoka Afrika wanafurahi, wanauliza maswali, na mimi sipendi kumwacha mtu na kiu. Nikaanza taratibu. Nikasema kwetu mamba ni wakubwa kuliko hawa. Hilo kweli. Nikasema kwetu watoto huwachapa kwa fimbo. Hilo unajua mwenyewe. Baada ya wiki chache nikawa mimi, Kibwana wa Ruvu, ndiye niliyemvuta mamba kwa mkia akiwa na mbuzi wetu mdomoni, nikamnyang'anya mbuzi, na mbuzi akaishi. Nilimpa hata jina yule mbuzi. Bi Dora alikuwa akisikiliza huku akivuta sigara. Wageni walikuwa wananipa mkono kama mbunge.

Sasa, Bi Dora akasafiri kumwuguza dada yake. Boti yake ikafungwa, na mimi nikahamishiwa kwa Kapteni Bili mwenyewe, upande wa maji baridi. Huko nilikuwa sijawahi kufika. Kapteni si mtu wa kusomesha. Anachojua ni kuendesha, kufanya mzaha na wageni, na kunusa upepo. Ile habari ya mbuzi alikuwa ameisikia kwa wageni, akaipenda kuliko mimi mtunzi wake.

Siku ya kwanza huko tuliingia kwenye kijito chembamba, majani marefu kushoto na kulia, maji ya rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Boti imejaa wazee wenye kofia. Tulikuwa tumewaona aligeta wawili watatu njiani, wamelala, nami nimeshawaeleza wageni habari za mdomo na jino, kwa mbwembwe, nimesimama mbele kama sheikh wa Ijumaa. Mara injini ikakohoa, ikakwama. Magugu yalikuwa yamejizungusha kwenye rafadha, lile panga la chuma linalosukuma boti kwa nyuma. Kapteni akayachokoa kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, hayatoki. Akageuka, akanitazama, akacheka.

"Kibwana! Si wewe uliyemvuta mamba mkia?"

Wageni wakapiga makofi. Bibi kizee mmoja mwenye nywele za rangi ya zambarau akasema, "Oh, ndiye huyu?"

"Chukua kisu, ingia ukate majani," akasema Kapteni. "Maji ya kifua tu. Na hapa ni aligeta watupu."

Ningefanyaje, mke wangu? Ningesema yule mbuzi hakuwapo? Watu wote wale wananitazama. Nikatazama maji. Kimya. Hakuna kitu ila kerengende. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikauma kisu kwa meno ili nionekane, na nikashuka ngazi ya nyuma huku nimeshika ule upondo. Maji yalipofika kwenye magoti nikafanya kile ulichonifundisha. Nikauinua upondo nikapiga maji bapa, kwa nguvu zote. Paa! Paa! Paa! Nikatoa kisu mdomoni nikasema kwa sauti, "Tunapita, mwenyeji, tunapita." Nikateremka mpaka kifuani.

Kapteni alikuwa ameinama kwenye injini. Akainua kichwa taratibu.

"Unafanya nini?"

"Nawafukuza, Kapteni. Kwetu tunawafukuza hivi."

Nilimwona uso ukibadilika rangi. Ulikuwa mwekundu, ukawa kama unga wa muhogo. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Kibwana. Hapa hivyo ndivyo ninavyowaita waje kula."

Rudia hapo, Tatu, Bibi asikie vizuri. Kumbe yule mzee, mwaka nenda mwaka rudi, akifika kwenye kijito kile na wageni hupiga maji kwa kasia, halafu huwatupia mapaja ya kuku ili wageni wapate picha. Aligeta wa pale wamezaliwa wakisikia ule mlio. Kwao ule mlio ni kama pakacha linalogongwa ukiita kuku wako jioni. Nilichofanya mimi ni kugonga pakacha, kisha nikaingia mwenyewe ndani yake.

Majani yakaanza kutikisika. Kwanza kushoto. Gogo moja nililokuwa nimeliona tangu tunaingia likafumbua macho. Kisha nyuma yangu nikasikia maji yakikatwa, mlio mdogo, kama mtu anayechana khanga polepole. Nikageuka: macho. Nikageuka tena: macho. Wanakuja bila haraka, kama watu wanaojua chakula kinawangoja.

Na hapa ndipo nilipopata adhabu ya elimu yangu. Alama zote nilizofundishwa, upana, ncha, jino, zote ziko mdomoni, na midomo yote ilikuwa ndani ya maji. Ninachokiona mimi ni macho mawili na matundu ya pua. Rangi? Kila kitu kikilowa kwenye maji yale ni cheusi. Nikawa natafuta ni yupi mwenye jino. Nilijiambia wakiwa aligeta wote nitapona, hawa watumishi, hawa wa kuku. Akiwamo mmoja tu yule mwenye jino, basi Kapteni atawaandikia nyinyi huko Janga barua na kuifunga pamoja na viatu vyangu. Nataka ucheke hapo, Bibi, lakini mimi nilikuwa silii wala sicheki. Nilitaka kusoma Ayatul Kursiyu, ile aya ya kujikinga, ikanitoka yote, nikabaki na neno moja tu, lile la mwanzo, nalirudia kama mtu mwenye kigugumizi.

Wageni, masikini, walidhani ni mchezo umepangwa. Wanapiga picha. Yule bibi mwenye nywele za zambarau akainama ukingoni, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kijana, huyo wa kushoto kwako ni aligeta au krokodaili?"

Na mimi, Bibi, nikatazama. Wallahi nikatazama ili nimjibu. Alikuwa karibu kiasi cha mwiko wako wa ugali. Akafunua mdomo, mpana, butu, ndani kweupe kama nazi.

"Aligeta, mama," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa jando.

Hapo hapo kitu kikanigusa pajani chini ya maji. Hakikuuma. Kilipita tu, kirefu, kinakwaruza kama gome la mnazi, kikapita, kikaendelea kupita, nikawa nangoja kiishe na hakiishi. Nikajua sasa mjomba Shomari alijua nini mwishoni.

"Usipige teke," Kapteni akaninong'oneza. "Usiinue mikono." Akawageukia wageni akanguruma, "Chakula! Leteni chakula chenu chote!" Ndoo yake ya kuku ilikuwa tupu, alishaimaliza safari ya asubuhi ambayo mimi sikuwamo. Wazee wa watu wakatoa mikate yao ya nyama, mayai, keki, mmoja akatoa hata mfuko wenyewe, na Kapteni akawa anavurumisha upande wa pili wa boti huku akipiga maji kwa kasia, paa, paa. Macho yakageuka. Moja moja yakaanza kuzunguka. Lakini kubwa lao halikugeuka. Lilikuwa limeushika upondo wangu kwa chini, nami kwa juu, na sikujua kama niuachie au niushike, maana vidole havikuwa vyangu tena. Likafunga mdomo. Ule mti mgumu uliovusha boti miaka yote ukalia kama muwa, ukakatika.

Sijui nilipandaje. Naambiwa Kapteni alinishika kola na mzee mmoja mgeni akanishika kwapa, wakanivuta kama nyavu. Suruali yangu ilikuwa imelowa tangu mwanzo, kwa hiyo kilichoongezeka humo anakijua Mwenye stara peke yake. Nililala sakafuni. Wageni wakapiga makofi, wakapiga miluzi. Nami nikatapika kwenye viatu vya yule mzee aliyeniokoa.

Yale majani? Kapteni alifunga kisu kingine kwenye kasia, akayakata akiwa juu ya boti. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo.

Nilidhani yameisha. Siku ya pili watu walikuja gatini wanauliza, "Yuko wapi yule Mwafrika anayewaita aligeta?" Siku ya tatu wakaja wengi zaidi. Kapteni akaniita kando, akaniwekea mkono begani.

"Kibwana, tutafanya hivyo kila siku. Unaingia, unapiga maji, unasema yale maneno yenu, mimi natupa kuku. Nitakuongeza mshahara."

"Naogopa," nikasema.

Akacheka. "Wewe? Na ule mkia?"

"Ule mkia niliuvuta kwa mdomo, Kapteni. Mbuzi pia sikuwa naye. Naogopa."

Sijawahi kulisema neno hilo mbele ya mwanamume, Bibi, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Nilidhani litanichoma koo. Halikunichoma. Kapteni alinitazama kidogo, akasema sawa, akaondoka. Sikufukuzwa. Mabaharia wa pale gatini wakinipita sasa wanapiga maji kwa kiganja na kunichekea, nami nacheka nao, afadhali kuchekwa huku mguu wako ukiwapo.

Lakini juzi Kapteni amekuja na mtu mwingine. Anaitwa Josefu, mweusi kama sisi, ametoka kisiwa kimoja kinaitwa Haiti, alivuka kwa chombo kidogo ambacho nusu ya waliopanda hawakufika. Ana mama na dada zake wanangoja atakachokipata. Kiingereza chake kibovu kuliko changu, kwa hiyo tunaelewana sana. Yeye amekubali. Atafanya nilichokikataa.

Nikamkalisha chini nikamweleza yote, mdomo, rangi, jino, namna wanavyokuja kimya, namna usivyoweza kujua. Nikamwonyesha kipande cha upondo. Akakigeuza geuza mkononi, akacheka, akanipiga begani.

"Ndugu," akasema, "kwetu kuna ziwa lina mamba. Babu yangu alikuwa akiwapanda kama punda. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilimpanda mmoja mpaka ng'ambo."

Nikamtazama machoni. Hakuna ziwa, Bibi, wala hakuna punda. Kuna mtu mwenye njaa anayejitia moyo. Nilikijua kinywa kile kwa sababu nimekivaa mimi mwenyewe tangu nizaliwe. Nilitaka kumwambia "unaogopa", lakini mtu humwambii hivyo, lazima alitoe mwenyewe. Nikamwuliza tu, "Huyo uliyempanda, alikuwa na jino nje?" Akanirudishia kile kipande cha upondo. Kisha akasema, "Sikutazama."

Kesho asubuhi ndiyo mara yake ya kwanza. Jambo la kesho nililokutajia mwanzo ndilo hilo. Jana nilikwenda kwa Kapteni nikamwambia majini siingii, lakini ndoo ya kuku nataka niishike mimi. Nimeijaza mwenyewe, mpaka juu, nikaomba na ya pili. Nimechonga upondo mpya, mnene. Nitasimama nyuma ya boti juu ya kichwa cha Josefu, na jicho langu halitatoka majini. Naogopa kuliko siku ile, Bibi. Siku ile sikuwa na nafasi ya kufikiri. Sasa nimekuwa na siku nzima ya kukaa na kufikiri, nami nikifumba macho ninaona kandambili, na safari hii si la mjomba Shomari.

Ninachokuomba ni dua. Usiniombee mimi, mimi nitakuwa juu penye ukavu. Mwombee huyo Josefu, jina la mama yake silijui, sema tu mwana wa mama yake. Najua barua itakufika mambo yamekwisha pita, ama kwa heri ama kwa shari. Omba hivyo hivyo. Mungu hangoji posta.

Na nyinyi huko, mabomba ya kijiji yakikauka, Tatu asiende mtoni peke yake, na achote kwa kibuyu chenye mpini mrefu, asikaribie ukingo. Nasikia watu wa kijiji wanakutaka uhamie kule barabarani na wewe unawajibu kwamba mto ndio nyumba yako. Hamia, mke wangu. Nitakununulia khanga ya kukufuta machozi. Lakini mpaka siku ya kuhama, pigeni maji. Pigeni kweli kweli, kwa gongo, kila mara. Mamba wa Ruvu hakuna aliyemzoesha kuku.

Nisalimie Mama, mwambie nguo za joto hazihitajiki, huku ni jua kama Mlandizi. Nisalimie baba mdogo, mwenzako wa benchi, asikuibie majibu. Shangazi wa Kisarawe ukimwona mnadani mwambie sijaoa mzungu, aache kutangaza. Msalimie balozi na mwanawe, na umwambie mwanawe lile la ngwala namwomba radhi. Mke wa marehemu mjomba Shomari msalimie kipekee, lakini barua hii usimsomee.

Nakubusu mkono wa kulia, ule wenye gongo.

Mjukuu wako na mumeo asiye na mahari,
Kibwana